Jeep mpya katika jamaa: wenye nazo wasemaje?



Katika majuma haya machache yaliyopita tumezitembelea jamaa sita za Lubumbashi, Likasi na Kolwezi, tukaziuliza swali moja tu: Tangu mlipoinunua jeep yenu ndogo, ikiwa mpya, mmeona nini? Hatukuwauliza wauzaji, kwa maana muuzaji ana faida yake katika kila neno analolisema. Tumewauliza wale waliotoa fedha zao na ambao kila asubuhi huketi penye usukani. Majina yao twayaacha kwa makusudi. Mambo ya fedha ya jamaa si ya kutangazwa sokoni.

Kwanza tuelewane juu ya jina. Katika miji yetu kila gari lenye tumbo lililoinuka juu ya ardhi huitwa «jeep», hata kama limetoka Ujapani, Korea, Uhindi au China. Jeep ya asili ilikuwa gari la askari wa Marekani katika Vita Kuu ya Pili, tangu 1941. Magari tunayoyasema leo ni ndugu zake wa mbali sana. Babu yao mmoja ni Lada Niva ya Warusi, iliyotokea 1977. Wa pili ni Suzuki Vitara ya 1988. Lakini lile lililowafungulia wengine mlango ni Toyota RAV4, lililoanza kuuzwa Ujapani mwaka 1994. Lile la kwanza, lenye milango mifupi, lilikuwa na urefu wa mita 3.7 hivi, na viungo vyake vingi vya chini vilikuwa vya asili moja na vya magari madogo ya mjini ya kiwanda hichohicho. Leo jina lilelile lavaliwa na gari la mita 4.6. Wajukuu wa hayo wote ndio wanaojaza maduka ya magari siku hizi.

Mkazo wetu ni hapa: viungo vya magari madogo ya mjini. Wasomaji wengi wanaijua Land Cruiser ya misioni, ile ya namna iliyoanza kutengenezwa 1984, ambayo mapadri huendea vijijini. Chini yake mna fito mbili nene za chuma, zilizounganishwa kama ngazi, na bodi imewekwa juu yake kama mzigo juu ya punda. Jeep ndogo ya leo haina ngazi hiyo. Bodi yenyewe ndiyo mifupa. Hilo si kasoro. Kwa sababu hiyo gari huwa jepesi, hunywa esansi kidogo, halipigi kelele, na likigongwa, sehemu yake ya mbele hujikunja na kupunguza nguvu ya pigo kabla halijawafikia watu. Walakini ni gari dogo lililovaa koti la gari kubwa. Na katika jamaa zile sita tumeona kwamba wanaofurahi na wanaojuta hawatenganishwi na utajiri, wala na jina la kiwanda. Watenganishwa na kulijua jambo hilo kabla ya kununua au kulijua baadaye.

Mwalimu mmoja wa sekondari alilijua baadaye. Yeye na mke wake, muuguzi, walijinyima miaka sita. Gari lao ni zuri kweli: jeupe, refu, lenye vyuma vya kung’aa kando na mipira mipana. Mwezi wa pili, katikati ya masika, mjomba wake akafariki upande wa Kasenga, naye akajaza gari akaenda kwenye kilio. Penye lami alikwenda kama bwana. Penye udongo mwekundu, mvua ilipokuwa imenyesha usiku kucha, magurudumu ya mbele yakaanza kuzunguka mahali pamoja, nayo ya nyuma yakalala kimya kama mgonjwa. Watu wa kijiji waliwasukuma, wakalipwa, na mvua ikawanyeshea wote. Ndipo alipotambua kwamba katika gari lake magurudumu mawili tu ndiyo yanayovuta.

Tulimwuliza: Je, baba, hukumwuliza muuzaji? Akajibu: «Nani angeuliza? Umbo lake lilikuwa limekwisha kujibu.»

Jibu hilo limetukaa moyoni, maana si lake peke yake. Nyingi za jeep ndogo zinazouzwa mpya katika nchi zetu kwa bei nafuu ni za namna hiyo: magurudumu ya mbele huvuta, ya nyuma hufuata. Nyingine zina namna ya pili: kwa kawaida huvuta mbele, na mbele kukiteleza, kiungo fulani hujifunga chenyewe na kupeleka nguvu nyuma. Namna hii yafaa sana kwa njia ya kwenda shambani, na kwa kupanda mlima mfupi wenye utelezi. Hata hivyo kiungo hicho kikitumikishwa muda mrefu katika tope zito au mchanga, hupata moto, kikajiachia mpaka kipoe. Tena karibu zote hazina ile gia ya chini kabisa, ya nguvu na ya polepole, ambayo gari la misioni hutumia likitoka shimoni. Mnunuzi asitazame alama zilizobandikwa mlangoni. Ainame, atazame chini ya gari: kama toka mbele hata nyuma hakuna mhimili mrefu wa chuma unaofika katikati ya magurudumu ya nyuma, basi ya nyuma hayavuti. Gari la mchanganyiko wa esansi na umeme laweza kuwa na mota ndogo ya umeme huko nyuma pasipo mhimili. Hapo hati ya gari itasema.

Tusimwonee mwalimu. Gari lake hunywa kidogo kuliko la mwenzake, na kwa safari zake za kila siku, yaani nyumba, shule, soko na kanisa, halijamfanyia ubaya hata mara moja. Yeye alihitaji gari la mjini, naye analo. Alichokosa ni kuambiwa hivyo.

Habari ya mzigo ndiyo iliyotushangaza kuliko zote, kwa kuwa kati ya jamaa sita ni moja tu iliyoijua. Fungua mlango wa dereva, utazame kwenye nguzo ya chuma: pana karatasi iliyobandikwa, nayo yaonyesha upepo wa mipira, na katika karatasi hiyo au katika kitabu cha gari umeandikwa uzito ambao gari laruhusiwa kuchukua. Kwa magari mengi ya namna hii ni kilo 400 hata 500 hivi, watu na mizigo pamoja. Tufanye hesabu kama wanafunzi wa shule ya msingi. Watu wazima watano, kila mmoja kilo 70, ni kilo 350. Mifuko miwili ya unga ya kilo 25, ni 400. Basi gari dogo limekwisha kujaa, nao mkaa haujapakiwa, wala mikungu ya ndizi, wala shangazi aliyesimama njiani akipunga mkono. Mwalimu yule, siku ya kilio, alipakia watu tisa. Gari lililozidiwa mzigo halisimami upesi, mipira yake hupata moto hata kupasuka, na kwa kuwa limeinuka juu, likikata kona ghafula ni rahisi kupinduka kuliko gari la chini. Ni kweli kwamba magari mapya mengi yana chombo kinachobana breki ya gurudumu moja moja ili gari lisiyumbe. Huko Ulaya chombo hicho ni lazima kwa kila gari jipya tangu 2014. Lakini chombo hicho hakihesabu watu waliokaliana mapajani.

Jamaa iliyoijua karatasi ile yakaa Likasi. Baba ni fundi wa umeme, mama huuza vitambaa. Hawa walitufurahisha kwa daftari lao. Limefungwa kwa uzi karibu na usukani, na kila atiaye esansi huandika tarehe, kilometa, lita na franka. Kitabu cha kiwanda kiliwaahidi lita 6 na kidogo kwa kilometa 100. Daftari lasema 9, na katika wiki za misongamano ya mjini 10. Kiwanda hakikusema uongo. Hupima katika njia yake, kwa mwendo wake, pasipo mashimo yetu. Mama alituambia kwamba faida ya daftari si esansi tu. Siku moja lita zikapanda ghafula pasipo sababu. Wakatazama, wakakuta kichujio cha hewa kimejaa vumbi jekundu kama tofali. Kitabu kilisema kibadilishwe baada ya muda mrefu, lakini kitabu hakijaona kiangazi cha Katanga. Sasa hukipiga vumbi kila mwezi, na mafuta ya injini huyabadilisha kila kilometa 5,000 badala ya 10,000. Twaona wafanya vema, hasa kwa injini hizi mpya zilizo ndogo na kusukumiwa hewa kwa nguvu, ambazo haziwezi kuvumilia mafuta yaliyochoka.

Gurudumu la akiba nalo lina hila yake. Katika magari kadha wa kadha utalikuta jembamba kama la baiskeli, nalo halikuumbwa kwa safari, bali kwa kukufikisha kwa fundi, na mwendo usipite kilometa 80 kwa saa. Mengine hayana kabisa. Utakuta chupa ya dawa ya kuziba na pampu ndogo. Dawa hiyo huziba tundu la msumari. Kwa mpira uliochanwa na jiwe kando haina msaada. Kabla ya kulipa, inua zulia la nyuma, utazame.

Na ile taa ya manjano inayowaka mbele ya dereva! Jamaa tatu zilitulalamikia hiyo. Fundi wa mtaani, hodari wa magari ya zamani, akaitazama, akatikisa kichwa. Injini ya leo husema kwa lugha ya kompyuta, na asiye na chombo cha kuisikiliza hawezi kujua kama ni kifuniko cha tangi kilicholegea au ni injini inayoungua. Hapo ndipo faida ya dhamana ya kiwanda huonekana, ikiwa kuna karakana ya kampuni karibu. Mtu mmoja wa Kolwezi alikuwa na dhamana ya miaka mitatu, na karakana ilikuwa Lubumbashi, kilometa 300 hivi. Dhamana ya mbali ni kama daktari wa mbali.

Jeep moja ilikuja kwa njia nyingine: iliagizwa Ujapani, ikashushwa Dar es Salaam, ikaingia kwa Kasumbalesa. Usukani uko upande wa kuume, kama magari ya Zambia na Tanzania, huku kwetu twaendesha upande wa kuume wa njia. Mwenye nayo asema mjini hakuna taabu. Lakini katika njia ya Kolwezi, nyuma ya malori ya shaba yanayofuatana, dereva haoni kitu mpaka atoe nusu ya gari lake nje. Mkewe, aketiye kushoto, ndiye amwambiaye: «Pita,» au: «Ngoja.» Sisi hatupendi mtindo huu, nasi tulimwambia hivyo waziwazi.

Sasa twaja kwenye mambo yasiyo ya chuma. Gari likiingia uani, ukoo wote wapata gari. Mabibi walitueleza haya kwa uwazi kuliko mabwana. Shemeji ataka kupelekwa kwenye harusi. Mkwe ataka kupelekwa shambani. Jirani ana mgonjwa. Esansi haiulizwi, kana kwamba gari hunywa maji ya mvua. Wako wanaoficha gari kwa rafiki siku za likizo, nasi hatuwezi kuwasifu. Wale wa Likasi, wenye daftari, walikaa na wazee wa pande zote mbili kabla gari halijafika. Wakapatana hivi: mgonjwa hupelekwa saa yoyote, pasipo swali, kwenye kilio gari hupeleka wazee watano, wala hawazidi, harusi na safari za furaha, wanaotaka hutia esansi wenyewe. Mjomba mmoja alinuna miezi mitatu. Kisha akaugua usiku, wakampeleka, akaacha kununa.

Kuhusu deni tutasema machache, maana kila mtu anajua mfuko wake. Bei ya jeep mpya yatosha kununua kiwanja na kuanza kujenga. Juu ya bei kuna bima, kodi, mipira, na ukaguzi. Jamaa moja ililipa kila mwezi fedha iliyokuwa ada ya shule ya watoto wawili, na watoto wakarudishwa nyumbani mara mbili katika muhula mmoja, huku gari likioshwa uani. Baba alitusimulia mwenyewe, akitazama chini. Wameliuza mwaka huo huo, kwa hasara; kwa maana gari jipya hupoteza thamani kubwa katika siku zake za kwanza.

Wengi wa wasomaji wetu huleta gari jipya kanisani libarikiwe, nayo ni desturi njema. Katika jeep nne kati ya sita tulimwona Mtakatifu Kristofori akining’inia mbele ya kioo. Katika hizo nne, ni mbili tu zilizokuwa na watu wa nyuma waliofunga mkanda. Mtakatifu huyo alimvusha Mtoto mtoni akimshika imara mabegani. Mtoto wa leo aliyesimama katikati ya viti viwili hashikwi na mtu. Na mtoto mchanga asiwekwe kamwe kiti cha mbele katika kiti kinachotazama nyuma, kama mfuko wa hewa wa upande ule unafanya kazi: ukilipuka, humpiga kichwani.

Habari ya mwisho tuliipata kwa mama mmoja wa Lubumbashi. Mume wake hufanya kazi ya mgodi huko Kolwezi, hurudi nyumbani kila wiki ya tatu. Walinunua jeep namna ile yenye nguvu ya magurudumu manne, yenye mipira mizuri, dhamana, kila kitu. Mume alipoondoka, aliliacha gari uani, maana usafiri wa kazi ulikuwa wa kampuni. Usiku mmoja, saa nane, mtoto wao wa miaka mitatu alishikwa na homa kali ya malaria, akaanza kupigwa na degedege. Gari lilikuwa uani. Ufunguo ulikuwa mezani. Tangi lilikuwa limejaa. Mama hakujua kuendesha.

Alibisha kwa majirani; wa kwanza hakuwepo, wa pili hakusikia. Akambeba mtoto mgongoni mpaka barabara kubwa, akapata pikipiki ya kukodi, akafika hospitalini saa tisa na nusu. Mtoto alipona, tumshukuru Mungu. Sasa yuko shule ya watoto wadogo, tulimwona akicheza. Lakini mama hakuisahau saa ile moja na nusu. Mume aliporudi alimwambia: «Baba, ama uza gari hili, ama nifundishe.» Mume hakupenda. Alisema gari bado jipya, litakwaruzwa. Mama akamwuliza kama mtoto si mpya.

Alijifunza miezi mitatu katika shule ya udereva, si kwa mume, kwa kuwa mume humfundisha mke kwa kelele. Alituambia mambo ambayo mabwana watano hawakuyataja. Kiti hupanda, akakiinua mpaka aone mwisho wa boneti. Kioo cha nyuma ni kidogo, na mtoto aliyesimama nyuma ya gari haonekani kabisa. Picha ya kamera humsaidia, lakini mvua ikinyesha lenzi hujaa matope. Kwa hiyo kabla ya kurudi nyuma hushuka, akazunguka gari zima kwa miguu, kisha hupanda. Maji yakijaa njiani hatazamii gari lililotangulia. Humtazama mtu aendaye kwa miguu, na maji yakipita nusu ya gurudumu hageuzi maneno, hurudi. Maji yakinyweka ndani ya injini, huivunja.

Pande zote mbili za gari lake zina mikwaruzo, kwa sababu lango la ua ni jembamba. Mume anaporudi kutoka Kolwezi huitazama, hasemi neno, na Jumapili hukaa kiti cha abiria.